Mwandishi wa Sura ya Kwanza

Nyumba ya kumi na moja ilimtia kinyaa kwa sababu ya sinki. Mwandishi aliamka, akakuta mpangaji mwenzake ameacha mate ya dawa ya meno yameganda ukingoni, na kwenye tundu la maji fundo la nywele za mtu limelala kama panya aliyelowa. Roho ikamchafuka. Akarudi chumbani na mswaki mkavu, akamwambia mkewe, "Tunahama."

Mkewe, fundi cherehani, hakuinua kichwa. Alikuwa anatia pindo gauni la mteja.

Ukweli usemwe: bwana huyu alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nyumba ya kwanza ilikuwa na kunguni. Sawa, hapo hata mimi ningehama. Ya tatu, mwenye nyumba alikuwa akitema makohozi dirishani. Ya tano, ukutani palikuwa na doa la mafuta lililoachwa na vichwa vya wapangaji waliotangulia, na mwandishi akalitazama wiki nzima mpaka chakula kikamshinda. Ya nane haikuwa na kasoro yoyote, ila jirani alitafuna kwa sauti. Lakini nyani haoni kundule. Yeye mwenyewe alikata kucha za miguu juu ya meza ya kulia, zikarukia vitambaa vya watu, na hakuona lolote la kumchafua roho.

Kila nyumba mpya, alisema, riwaya yake inataka mwanzo mpya. Basi alitupa kurasa za zamani na kuanza upya. Mkewe aliziokota, akazikata kwa umbo la kola na mikono ya mashati, akawa anapimia vitambaa. Karatasi ni karatasi.

Mwenye mkokoteni aliyewahamisha mara zote hizo alimwita Mzee Konokono. Mwandishi alidhani ni sifa.

Kwa fundi, kuhama ni msiba. Mteja hafuati cherehani mitaa minne. Kila mara mama huyu alianza tena na viraka na zipu zilizokatika, na alipoanza kuaminiwa nguo za maana, mumewe alikuwa ameshanusa kitu. Safari hii alikuwa amepata kazi ya sare za shule nzima. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda, akamwambia, "Mama, tumeiona kazi yako." Miaka sita alikuwa akiyasubiri maneno hayo.

Jumamosi mchana mkokoteni ukaja. Meza ikapanda, godoro likapanda, masanduku ya vitabu yakapanda. Mwenye mkokoteni aliponyoosha mkono kuikamata cherehani, mama akaweka wake juu ya mashine.

"Hiyo acha, kaka."

"Mke wangu, tusichelewe," mwandishi akasema. "Kule kuna bafu la peke yetu."

"La peke yako." Akachomoa kitita cha karatasi chini ya vitambaa, akakiweka mbele ya mumewe. "Nimezisoma zote nikizikata. Sura ya kwanza. Sura ya kwanza. Sura ya kwanza. Zote zinaanza na uvundo wa nyumba ya mtu. Kuhama unajua, mume wangu. Kuhamia hujui. Miaka sita hujahamia popote, hata kwangu."

Mtu wa maneno akaokota karatasi ya juu. Ilikuwa kola ya mtoto, na katikati yake mwandiko wake mzuri ukilalamika juu ya choo cha watu. Akaokota nyingine, mkono wa shati: choo kingine. Kinyaa kikampanda, kile kile cha siku zote, ila leo hapakuwa na mpangaji wa kusingizia. Alijionea kinyaa yeye mwenyewe, miguu, kucha na kalamu.

"Shusha godoro," akamwambia mwenye mkokoteni kwa sauti ndogo.

"Usishushe, kaka," fundi akasema. "Sare za watoto zinataka nafasi."

Mwenye mkokoteni akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akainama na kuanza kuvuta. Mwandishi alisimama mlangoni na kola ya karatasi mkononi. Mkewe alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani.