Injini ya Maji, Kutoka Mnazi hadi Kwai

Mimi ni fundi pikipiki hapa Lushoto, mwanamke, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Wateja wageni hufika gereji, wakaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba, kisha wakauliza fundi yuko wapi. Huwa nawajibu kwamba ametoka, wakae wamsubiri. Wakishanitazama nusu saa nimelala chini ya pikipiki, wanaelewa wenyewe.

Lakini pikipiki ninayotaka kuisimulia haikuwa ya mteja, ilikuwa ya baba yangu. Baba anaishi Kwai, juu kwenye baridi, na kama wazee wengi wa Kishambaa ana shamba la pili nyikani, kule Mnazi. Huku juu tunalima viazi na kabichi, kule chini mahindi na mpunga, ili mvua ikikosea huku mtu asilale njaa. Shamba lile walifyeka pori yeye na marehemu mama kabla mimi sijazaliwa. Gari la abiria linamwacha sokoni, na kutoka sokoni hadi shambani ni mwendo ambao magoti yake hayautaki tena. Ndiyo maana alikuwa na pikipiki. Nayo ilikuwa imechoka: ikifika mlima wa kupandia Mlalo, njiani kurudi Kwai, inakata pumzi, na mzee wa miaka sabini na kitu anashuka kuisukuma.

Kaka zangu wawili, mmoja Tanga, mwingine Dar, wakaongea kwenye simu wakaamua shamba liuzwe. Mnunuzi alikuwepo, jirani wa hukohuko Mnazi. Baba hakubishana nao. Alinijia gereji akasema kama naweza kumtengenezea chombo kitakachomshusha Mnazi na kumpandisha siku hiyohiyo, yeye na mzigo wake, kabla ya wiki mbili kuisha, shamba litabaki. Nikishindwa, atauza. Kusema la haki, sikulala vizuri tangu siku ile. Mimi ndiye niliyebebwa mgongoni kwenye lile shamba, na kaka zangu wanalijua kwa kusimuliwa.

Nilikuwa nimenunua chuma chakavu cha pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu iliyoangukia korongoni. Injini yake ilikuwa nzima, kubwa, ya kupozwa kwa maji, na rejeta yake, ile ya kuyapoza hayo maji, haikupata hata mkwaruzo. Nikaamua kuipachika kwenye fremu ya baba. Mafundi wenzangu walikuja kushangaa, wakacheka mpaka basi. Mmoja akaniambia nimemvika mbuzi kichwa cha ng'ombe. Nikamwambia asubiri huyo mbuzi akianza kulima.

Kukata fremu na kuchomelea kulinichukua siku tatu. Waya zikanichukua tano, na zikanitoa machozi ya hasira. Kila nikikata usukani kushoto fyuzi inaungua, nikiweka mpya na kukata kulia taa zinawaka vizuri. Nilibadilisha fyuzi mpaka muuza duka akaniuliza kama nazila. Nikaja kugundua kwamba waya mmoja ulikuwa unabanwa shingoni mwa fremu, ganda limelika, shaba iko wazi inagusa chuma. Nikaufunga upya, nikaupitisha mbali na shingo, na fyuzi haikuungua tena. Hapo nilijipiga kifua.

Ikabaki feni ya rejeta. Ile ya asili mapanga yake yalikuwa yamevunjika, nikanunua ya mtumba, ya gari dogo. Nikaifunga nyuma ya rejeta, nikaunga waya mweusi na mweusi. Feni ikazunguka, safi kabisa.

Nikaijaribu kwa siku mbili, Lushoto hadi Kwai, Kwai hadi Lushoto, nimepakia magunia ya viazi. Haikuchemsha hata mara moja. Nikatangaza kwa kila mtu, pamoja na wale wacheshi wa mbuzi, kwamba injini yangu haijui kuchemsha. Mdomo huu, asikwambie mtu. Kwai asubuhi ukiacha maji kwenye beseni hutaki kuyagusa, sasa ni injini gani itachemsha pale? Lakini sisi wa milimani tunapima kila kitu kwa baridi yetu, tukidhani dunia nzima imevaa sweta.

Ijumaa tukateremka, mimi nikiendesha, baba nyuma na koti lake la kanisani. Kushuka hakuna neno. Tukafika Mnazi jua likiwa kali, baba akazunguka shambani, akasalimiana na jirani yule, tukafunga magunia mawili ya mahindi, tukaanza kurudi. Mlima ulipoanza, injini ikapanda kwa nguvu ambayo ile ya zamani haikuwahi kuiota. Nikawa naimba moyoni. Kona ya nne mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, na mvuke ukatoka pembeni ya mfuniko. Ikachemsha, tena mbele ya mwenyewe.

Nikaizima, nikaacha ufunguo umewashwa ili feni iendelee, maana niliiunga hivyo. Baba akashuka, akaenda kukaa kwenye jiwe hatua mbili mbele ya tairi la mbele. Nikaanza kupima. Maji yapo. Mabomba yote mawili ya moto, kwa hiyo pampu inasukuma. Fyuzi nzima. Feni inazunguka, naiona kwa macho yangu. Kila kitu kiko sawa na injini inatokota! Nikaitukana kwa Kishambaa, nikasahau aliyekaa mbele yangu ni mzee wa kanisa. Tulipoza, tukaongeza maji ya dumu, tukapanda kidogo, ikachemsha tena. Maji ya kuongeza yalikuwa yamebaki ya mara moja tu. Nikapiga teke tairi, nikakaa chini vumbini, na nikakiri moyoni kwamba nimemuuzia baba shamba lake.

Baba alikuwa amekaa palepale mbele, kama mara ya kwanza. Akavua kofia, akajipangusa jasho.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita akiwa hana ugomvi, "hii feni yako inatakiwa ipulize injini au inipulize mimi? Tangu tusimame inaniunguza uso."

Nikainuka. Nikaweka kiganja mbele ya rejeta, hewa ya moto ikanipiga. Feni ilikuwa inazunguka kinyume. Badala ya kuvuta upepo wa mbele upite kwenye rejeta, ilikuwa inausukuma urudi ulikotoka, na kwa mwendo wa taratibu wa mlimani upepo hauna nguvu ya kushindana nayo. Huko Kwai hata isingekuwepo tusingejua. Na kosa lilikuwa langu peke yangu: kwenye pikipiki zetu waya mweusi ndio unaobeba umeme, wa kijani unaenda kwenye bodi, yaani chuma cha fremu, lakini kwenye gari mweusi ndio wa bodi. Feni ya gari, nami nikaiunga kwa akili ya pikipiki. Fundi mzima!

Nilikata zile waya mbili kwa kisu cha baba, nikazibandua ganda kwa meno, nikaziunga kwa kuzibadilisha nafasi. Feni ikaanza upya. Nikaachia jani kavu mbele ya rejeta, likavutwa likanata. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Tukasubiri ipoe, tukatia maji ya mwisho, tukapanda. Mshale ukafika katikati ukakaa. Tukapita Mlalo, tukapita Lukozi, baridi ikatupokea, na uani kwa baba nikazima injini ambayo haikutoa hata tone. Najivuna, ndiyo, acha nijivune. Ile kazi niliifanya mimi.

Baba alishuka polepole, akatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, akanipa nisome. Ilikuwa ya mauziano. Sahihi yake ilikuwa tayari chini, tarehe ya jana yake. Iliyokosekana ni ya jirani tu.

"Niliibeba nikamwachie," alisema. "Sikuamini kama tutarudi na hiki chombo. Nilipofika pale shambani mkono ukakataa kuitoa. Lakini sikukuamini, mwanangu, na hilo nimekosa."

Hasira ilinipanda, siwezi kudanganya. Wiki mbili za kutolala, naye alishasaini! Nilitaka kumjibu vibaya, na nisingejua pa kuishia. Lakini baba yangu hajawahi kumwambia mtoto yeyote kwamba yeye mwenyewe amekosa, nikamrudishia karatasi yake. Aliichukua karatasi, akayakata kwa mistari miwili yote yaliyoandikwa, akaigeuza upande mweupe, akaandika akiwa ameilaza kwenye tangi la pikipiki. Kwetu shamba huenda kwa watoto wa kiume, binti hulima kwa mumewe. Yeye aliandika kwamba nusu ya shamba la Mnazi, upande wa mfereji, ni yangu, na akasema kaka zangu atawaambia mwenyewe.

Alitaka niweke dole gumba mbele ya wajumbe kesho yake, wino utafutwe. Nikamwambia wino wa nini. Dole langu lilikuwa jeusi kwa oili na vumbi la Mnazi, nikalikandamiza palepale chini ya jina lake.