Harufu ya Godoro

Asubuhi hii nimefungua mlango wa tela la kulala ambalo nilikusudia kulinunua, na harufu ya maziwa yaliyochachia ndani ya sponji imenifanya nikae kwenye ngazi yake.

Baba alikuwa mjenzi wa barabara, nasi tuliishi ndani ya tela kama hili. Bibi, mama yake baba, alitoka Goweko kuja kukaa nasi, akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mke mwenza, njoo unywe," aliniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nilikuwa nimekatazwa kunywea kitandani. Nikanywea huko huko, yakamwagika, nikaligeuza godoro.

Siku ya tatu mama alianza kuisaka harufu. Alinusa mapazia, akamimina maji ya moto kwenye sinki, akainama kuchungulia nyuma ya jiko. Mwishowe akasimama mbele ya furushi la bibi.

"Mama, unisamehe. Huenda ni nguo zako."

Bibi alikuwa ameketi juu ya godoro lile lile. Alinitazama kwa muda, kisha akacheka.

"Ni mimi, mkwe wangu. Uzee nao huvunda. Au wasemaje, mke mwenza?"

Nilitazama sakafu.

Kesho yake alirudi Goweko, na hakulala tena kwetu. Mama alifungua madirisha yote, akavuta pumzi ndefu.

"Afadhali," akasema. "Sasa hewa imetakata."

Harufu ilikuwa pale pale.

"Ndiyo, mama," nikaitikia.