Siku Mama Aliposema Mbele ya Baba Mkwe

Baba alifariki bila kuacha wosia. Kwetu Ipinda ukimtajia mtu mzima habari ya wosia anakuuliza kama umemwona ana dalili za kufa, kwa hiyo hata sisi watoto wake hatukuthubutu. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ukaitwa kwenye kikao cha kumteua msimamizi wa mirathi, na kabla viti havijapangwa kila mtu alishajua atakuwa baba mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaanza kuzungukia shamba letu la kakao na kuwapangia vibarua kazi.

Hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanapokosea. Wakisikia fulani kateuliwa msimamizi, wanaelewa amerithi. Anapewa hongera, anaombwa mkungu wa ndizi, naye anavimba kichwa. Mama hakudanganyika. Wasaidizi wa kisheria walipopita kanisani kuongea na akina mama, wenzake walisinzia, yeye akawaganda kwa maswali mpaka akaelewa: msimamizi anakusanya mali, anaigawa kwa warithi, kisha anarudi mahakamani kueleza alivyoigawa. Mali si yake. Na jasho la mke kwenye shamba walilolima pamoja na mumewe halipotei hivi hivi.

Tatizo lilikuwa babu. Yeye ndiye aliyeongoza kikao, na kwa mila yetu mke wa mtoto hamsogelei baba mkwe wake. Hamtazami, hamwamkii, hatamki jina lake. Akimwona njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Mabinti wa siku hizi wanapeana mikono na wakwe zao na picha wanapiga, lakini mama ni wa zamani. Tangu aolewe hakuwahi kumwambia babu neno hata moja. Siku ya kikao alitakiwa akae ndani na wanawake, asikilizie dirishani yanayoamuliwa. Nilikasirika sana. Niliona tunapoteza shamba na nyumba kwa ajili ya adabu.

Baba mdogo akasimama, akamtazama babu usoni, akasema yuko tayari kubeba mzigo wa kaka yake. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Katibu wa kikao akashika kalamu.

Mama akatoka nje. Alikuwa amejitanda kanga mpaka usawa wa macho. Akapita pembeni ya ua, akasimama akiwa amewageuzia mgongo wanaume wote, uso wake ukielekea kwenye mikeka tulikoanikia kakao. Akamwita shangazi, dada yake baba, asimame karibu naye.

"Wifi, nifikishie," alisema, kwa sauti ambayo haikuhitaji kufikishwa na mtu. "Simkatai shemeji. Ninamwomba tu aseme hapa, mbele ya wazee: akishawagawia watoto shamba lao, yeye atabaki na nini?"

Shangazi akarudia neno kwa neno, ingawa hata waliokaa mbali walishasikia. Hakuna aliyecheka. Jamani, nilimpenda mama siku ile kuliko siku zote. Mimi nilikuwa natamani aitupe mila ile aende kugombana, na yeye alikuwa anasema yote aliyotaka kusema bila kumvunjia mzee heshima hata kidogo.

Baba mdogo akakohoa. Akasema hayo yatajulikana mbele ya safari.

"Wifi, mwambie huko mbele ya safari watoto watakuwa wameshahamishwa," mama akasema, bila kugeuka.

Babu akamgeukia katibu. Akamwambia, "Andika mama yao."

Baba mdogo hakuamini. "Baba, mwanamke amekugeuzia mgongo mbele ya ukoo mzima, na bado unampa yeye?"

"Amenigeuzia mgongo kwa sababu ananiheshimu," babu akamjibu. "Wewe ndiye uliyenikazia macho ukiniomba nyumba ya wajukuu wangu."