Niliwaambia Gari Imeharibika Sagana

Makosa ni yangu. Nalisema mapema usije ukaanza kunitetea katikati, maana nawajua wanawake wenzangu: mkisikia neno mama mkwe tu mnaanza kunoa visu. Safari hii viwekeni chini. Mama mkwe wangu hakunikosea kitu. Takataka nilikuwa mimi.

Nimezaliwa Kangari, kwenye majani chai. Kwetu ni kijani mwaka mzima, na tukiwa wadogo tuliambiwa ati watu wa Kieni ni watu wa vumbi, wanaoga Krismasi hadi Krismasi. Upuzi mtupu! Lakini nilikua nao huo upuzi, nikasoma nao, nikaenda nao Mombasa kutafuta kazi. Na huko Mombasa nikaolewa na nani? Na mwanaume wa Kieni, nje kidogo ya Chaka. Mungu ana mzaha.

Muriuki nilimpenda, sikatai. Kwao ndiko sikupenda. Jikoni ni mabati na kuni, moshi unakuingia mpaka kwenye nguo za ndani. Choo kiko kule mbali, ukivuka shamba la viazi. Baridi ya mlima haijui kubisha hodi. Kila Krismasi tukirudi Mombasa nilikuwa nafua nguo mara mbili, kisha nampigia dada yangu simu, naye anaanza na Shosho, yaani nyanya ya watoto, mama mkwe wangu.

"Shosho alikupikia nini mwaka huu?"

"Moshi na mukimo."

Tunacheka mpaka machozi. Wanawake wawili wazima, na shule tulienda.

Sasa sikiliza. Msichana wetu wa kwanza ni Wanjiru, ameitwa jina la huyo mama mkwe, kama desturi yetu ilivyo. Kwetu mtoto akipewa jina la shosho wake, basi ni yeye. Shosho hamwiti mjukuu, anamwita wakini, yaani rika lake, na wakikaa pamoja wanaongea kama wanawake wawili wa sokoni. Mwaka ule Shosho alikuwa ananonesha kondoo dume, ile ya kulala ndani jikoni na kulishwa kwa mkono, majani ya viazi vitamu asubuhi na jioni. Kieni ni kukavu, jamani. Hayo majani alikuwa anayafuata mtoni na kuyabeba kwa mgongo. Mwaka mzima! Kondoo ya Wanjiru, na haichinjwi mpaka mwenyewe afike.

Haya yote niliyajua. Na bado wiki tatu kabla ya safari nilikuwa nimeshalipia chumba cha hoteli Nanyuki, kimya kimya.

Kwa nini? Usicheke. Nilikuwa nimefumisha sweta nne nyekundu zinazofanana, yangu, ya bwana na za watoto wawili, na nilitaka picha na mlima nyuma yetu. Wenzangu wa kazini walikuwa wanarusha zao mitandaoni kila saa. Nikaona nikirusha ya jikoni ya Shosho nitachekwa. Ni hayo tu. Watu hudhani ubaya mkubwa lazima uwe na sababu kubwa. Wangu sababu yake ilikuwa sweta.

Tulitoka Mombasa, tukalala Mtito Andei, na asubuhi ya tarehe ishirini na nne tukashika barabara tena. Mnajua safari ndefu ilivyo: bwana akiendesha, simu yake anashika bibi. Ya Muriuki ilikuwa kwa mkoba wangu. Na Shosho alikuwa anapiga! Emali, amepiga. Thika, amepiga.

"Mmefika wapi?"

Makutano, huyo tena.

"Mmefika wapi sasa? Wakini ameamka?"

Niligeuza macho mpaka yakauma.

Tukakata kwenda Kagio mara moja kununua mchele na nyanya za kupeleka nyumbani. Muriuki akashuka kuchagua, na yeye huchagua nyanya moja moja, kwa makini, laiti angechagua mke hivyo. Watoto walikuwa wamelala kiti cha nyuma. Simu ikalia.

"Mmefika wapi?"

"Mami, gari imeharibika," nikasema. Haki, hata sauti haikutetemeka. "Tuko hapa Sagana. Fundi anasema haitatengenezeka mpaka kesho."

"Uui! Na watoto?"

"Wako sawa. Tutalala hapa, kesho tuje. Na simu inaisha chaji, usiwe na wasiwasi."

Nikaizima kabisa. Muriuki aliporudi nikamwambia mama yake amepiga, anasema leo wako na kesha kanisani, nyumba imejaa wageni wa kanisa, ameomba twende kesho asubuhi. Nikaongeza, kama jambo limenijia sasa hivi, kwamba nimesikia Nanyuki kuna hoteli safi.

Akaniangalia kidogo. "Mama amesema hivyo?"

"Si ndiyo nimekwambia?"

"Sawa." Akawasha gari. Mtoto wa watu aliniamini, mikono yake bado inanuka nyanya, nami nikamdharau hata kwa hilo. Nilisema moyoni, huyu kweli ni mjinga.

Tulikula Karatina bila haraka. Nikawavisha watoto sweta, nami nikavaa yangu. Wanjiru akauliza kama Shosho ataziona, nikamwambia ataziona kesho.

Lakini kuna kitu sikukipigia hesabu. Mimi nilidhani mtu akiambiwa gari imeharibika atakaa angoje. Mimi ningekaa. Dada yangu angekaa, tena angeshukuru kupumzika. Sikujua kuna watu ukiwaambia watoto wao wamekwama barabarani, wao wanavaa viatu.

Chaka ilikuwa imefurika. Kila mtu ananunua nyama ya sikukuu, magari yanatambaa. Mimi nimeinamisha kichwa, miwani ya jua usoni, naomba tulipite tu hilo soko. Ghafla Wanjiru akapiga kelele.

"Shosho! Baba, Shosho yule!"

Alikuwa amesimama kando ya pikapu ya shemeji yangu Ndirangu. Gambuti miguuni, kitambaa cha kanisa kichwani, mablanketi mawili begani. Mkono mmoja thamosi ya chai, mwingine kiondo cha viazi vitamu vya kuchemsha. Nyuma yake fundi na kamba ya kuvuta gari. Walikuwa wanakwenda Sagana kututafuta. Yule fundi alikuwa ametolewa kwenye sherehe yake mwenyewe, kwa sababu yangu.

"Endesha," nikamwambia Muriuki. Naam, nilisema hivyo! "Endesha, tutachelewa."

Akaegesha.

Shosho kuona gari, akaachilia kiondo. "Ngai! Gari imepona!" Akainua mikono akaanza kuomba pale pale, katikati ya wauza kabichi na pikipiki, akimshukuru Mungu aliyeigusa injini huko Sagana kwa mkono wake mwenyewe. Aliomba sana. Fundi akavua kofia. Mimi, na sweta yangu nyekundu, nikasema amina. Niliitikia kwa sauti kuliko wote.

Basi fundi akashindwa kujizuia. "Ilikuwa nini? Ni pampu ama ni mkanda?"

"Pampu ya nini?" Muriuki akauliza.

"Ya gari."

"Gari hii? Haijasumbua tangu Mombasa." Halafu nikamwona anageuka polepole kwa mama yake. "Mama, si leo mko na kesha?"

"Kesha gani? Kondoo imefungwa nje tangu asubuhi, inangoja mwenyewe."

Nikajaribu uongo wa tatu, ati mtandao ulikuwa mbaya, ati hatukusikizana. Fundi akaangalia kando. Aibu ilikuwa yangu, lakini aliyeona haya ni yeye.

Shosho akaitazama sweta yangu, akatazama za watoto, akatazama barabara ya Nanyuki. Si mtu mjinga. Maisha yake yote anauza viazi kwa mabroka, uongo anaujua kwa harufu.

"Mama Wanjiru," akasema pole pole, "ni moshi?"

Nikavuta mikono ya sweta ifunike vidole.

"Ungesema tu. Tungepikia nje."

Wueh! Afadhali angenizaba kofi. Afadhali angenitukana mpaka ukoo wangu wote, nipate kitu cha kumpelekea dada yangu tucheke. Akainama tu, akaokota viazi vyake.

Tulienda nyumbani, na kondoo haikuchinjwa. Kwetu kondoo kama ile haichinjwi watu wakiwa na uchungu moyoni, ni kuharibu baraka. Shosho mwenyewe alifungua kamba, akairudisha jikoni. Majirani walioalikwa nyama walikuja kesho yake, wakala mukimo, vile viazi vya kuponda na mahindi, na kabichi, wakaniangalia. Walikuwa wameshajua wote, sokoni si mbali. Wanjiru alilala kitanda kimoja na Shosho na hakuniuliza kitu, na yule ni mtoto wa kuuliza kila kitu.

Tukirudi Mombasa, Muriuki aliweka simu yake kwa mfuko wa shati. Mpaka leo iko hapo. Ikilia akiwa anaendesha, anaegesha kando, anapokea, anaongea, anamaliza, ndipo anaendelea. Hajawahi kunigombeza. Ukimwambia kitu, hata kwamba chai iko tayari, anaenda kuangalia mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Krismasi iliyopita. Mwaka huu nilijipanga. Nikajiambia nitaosha hiyo dhambi kwa kazi. Tulipofika juzi, hata mizigo sikushusha, nikafunga leso kiunoni nikaingia jikoni moja kwa moja, ndani ya moshi, nikashika kisu nianze kumenya viazi. Mke wa Ndirangu alikuwa pale. Akasogeza kigoda chake kando. Shosho akanitoa kisu mkononi kwa upole.

"Aca, hapana, mama. Wewe ni mgeni. Kaa kwa nyumba, moshi itakuumiza."

Kama si wa kwetu huenda usielewe. Bibi wa boma haketishwi sebuleni. Sebuleni anakaa pasta na mwalimu mkuu. Bibi wa boma yuko jikoni, anachafuka, anakula amesimama, anasengenya wasiokuwepo. Siku utakayopewa kiti chenye kitambaa, na soda na mrija wake, jua umefutwa kazi. Nami miaka yote ya ndoa nilikuwa naililia hiyo soda! Niliinywa yote. Ningefanya nini?

Jana kondoo ikachinjwa, ile ile, imenona mpaka haitembei. Wanjiru ndiye aliyeshika kamba. Nikiwa sebuleni nilisikia kicheko jikoni, mke wa Ndirangu, Shosho, na mtoto wangu, wanagawana figo, ambazo kwetu ni za wanawake wa boma. Mimi nililetewa nyama kwa sahani ya maua, imekatwa vipande vidogo vidogo, na uma. Uma! Nani amewahi kula kondoo kwa uma Kieni?

Jua halijashuka, Ndirangu akaja na funguo za pikapu. "Mama amesema usilale kwa baridi. Tumekutafutia chumba Nanyuki, iko na maji moto."

Nikamtazama Muriuki. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Shosho mwenyewe alinifungulia mlango wa gari, akavua shali yake akanifunga shingoni, akaniombea safari njema. Mpaka sasa sijui ilikuwa kisasi ama huruma. Ingekuwa kisasi, pengine ningepata usingizi.

Watoto walibaki. Wanjiru alinipungia mkono mara moja, kwa adabu, akakimbia ndani.

Kwa hivyo niko hapa. Kitanda kikubwa, shuka nyeupe, mlima umejaa dirishani bila hata wingu. Nimeoga mara tatu tangu jana. Dada yangu amepiga kuuliza Shosho amenipikia nini, nikakata simu.

Wewe unayesoma, unayeenda kwa wakwe huku umeziba pua, unayejiona msafi kuliko watu waliokuzalia bwana, sikuombi uwapende. Sina uso wa kukuomba hivyo. Nakwambia tu uangalie vizuri unachotamani, kwa sababu hawa watu wetu wa mlimani ni wakarimu, wakishajua unachotaka watakupa, na hawatakunyang'anya tena. Mimi nilitaka kutolewa kwenye jikoni ya mama yule. Nimetolewa.

Sasa hivi mhudumu amekuja, msichana mwenye heshima zake, akauliza kama nitakunywa chai peke yangu ama nangoja familia.

Nimemwambia wako njiani.