Mchwa na Tanuri la Wahunzi wa Kale

Walimwita Mchwa kwa sababu ya kuchimba. Alikuwa mwembamba, umri umepita hamsini, na kingo za mtaro wake zilikaa kana kwamba zimekatwa kwa kisu. Wenzake walipotaka kujua kazi yao imepinda kiasi gani, waliitazama ya kwake, kisha wakarudi kunyoosha yao.

Wiki hiyo mtaro wa bomba la maji ulikuwa umefika kwenye mteremko nyuma ya soko. Sururu yake ikagonga mawe meusi, mazito, yenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Wengine wangeyatupa. Mchwa, mtoto wa mhunzi, aliyajua: yalikuwa mavi ya chuma, yaani taka zinazotoka mtu anapoyeyusha mawe kupata chuma. Akaweka sururu chini, akamwita msimamizi. Msimamizi alisonya, lakini akampigia simu mtaalamu wa mambo ya kale.

Akaja mwanamke kijana mwenye kofia pana na brashi mfukoni. Alisema taka zile huenda zina zaidi ya miaka elfu moja. Ila taka peke yake hazikutosha kuhamisha mtaro. Lazima alione tanuri lenyewe. Akapewa mpaka Ijumaa, saa kumi jioni. Baada ya hapo bomba lingepita, liwe liwalo.

Siku mbili alichimba katikati ya zile taka. Alipata mavi ya chuma, na chini yake mavi ya chuma tena.

"Dada, choo chao umekipata," msimamizi alimtania. "Nyumba iko wapi?"

Mchwa si mtu wa kuingilia maneno ya watu. Lakini Ijumaa asubuhi alimwona yule dada amejiinamia ukingoni, akapiga moyo konde.

"Samahani, dada. Mhunzi hatupi taka anapokanyaga. Na mzigo huu mzito, nani ataupandisha mlima? Unausukuma uteremke wenyewe. Tanuri litafute juu."

Wote wakatazama juu. Pale palikuwa na tuta la udongo refu kuliko mtu. Udongo wa mtaro. Mchwa aliurusha mwenyewe kwa siku tatu, ili njia ya wauzaji iliyo chini isizibwe.

"Lo! Nimelizika kwa mikono yangu," akasema.

"Mzee, hilo tuta ulihamishe leo?" msimamizi akacheka. "Umepandwa na wazimu?"

"Kuna beleshi la pili, bosi, kama huna kazi."

Wachimbaji wakaangua kicheko, msimamizi pia. Beleshi lile la pili alilichukua mtaalamu. Mchwa hakwenda kula, hakukaa. Shati lilimganda mgongoni, akapumzika mara moja tu kunywa maji. Saa tisa wakaufikia udongo wa asili. Hapo akaweka beleshi kando, akapiga magoti, akachukua mwiko wa mwashi, akaanza kukwangua taratibu kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga.

Likatokea duara la udongo mwekundu, mgumu kama tofali. Kando yake kilikuwepo kipande cha bomba la udongo, ncha yake imeungua mpaka ikawa kama kioo cheusi.

"Humu ndimo upepo wa mivukuto ya kuchochea moto ulimopita," Mchwa alisema. Akapitisha kiganja ukingoni, pole pole, duara zima. "Unene ni mmoja kote. Huyu hakubahatisha. Huyu alikuwa fundi."

Mtaalamu alikuwa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Msimamizi akachuchumaa, akagusa ile ncha. Saa kumi kasorobo aling'oa vigingi vyake vilivyoonyesha njia ya bomba.

"Haya, Mchwa. Bomba linazunguka chini. Mtaro huu tunaufukia, wewe unaanza mwingine."

Kazi ya siku tatu imekwenda na maji. Mchwa alijipangusa magoti, akatwaa sururu yake, akamgeukia mtaalamu.

"Dada, tangulia wewe. Utakaponiambia hapa hakuna kitu cha kale, ndipo nitakapopiga."