Kura ya Sitelbanat

Sitelbanat binti Taha alizaliwa kambini, akaolewa kambini. Mumewe, askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, alipelekwa Tanganyika kumpiga Mjerumani katika vita vya kwanza, naye hakurudi. Serikali ilishukuru sana. Ikamwachia mjane kiwanja cha Makina, kijiji kimoja cha Kibra, kwa cheti chenye jina la marehemu. Mwaka 1939 ikagundua kwamba marehemu hana haja ya kiwanja, ikampa Sitelbanat miezi mitatu awe amehama.

Wiki hiyohiyo Kapteni mmoja alikuja Kibra kueleza ubaya wa Mjerumani, maana vita vya pili vilikuwa vimeanza. Watu walikusanywa uwanjani, wanawake nyuma. Karani Gerishon wa Kawangware, ambaye shamba la babu yake sasa lilikuwa kahawa ya mzungu, ndiye aliyepewa kutafsiri habari za uhuru. Alizitafsiri vizuri, bila kucheka.

Mjerumani, alisema Kapteni, amepata nguvu juzi tu na tayari anawatoa watu makwao bila kuwauliza. Uingereza haina tabia hiyo. Kule watu huulizwa, na wengi wakiinua mikono, jambo limepita. Hata mfalme halipingi. Akaona awaonjeshe.

"Nani anakubali kwamba Mjerumani ana makosa?" Akainua mkono wake kuwaonyesha.

Mikono yote ikapanda. Sasa, Makina ilikuwa ya maaskari wastaafu, wake zao na watoto wao. Mkono ulioinuliwa kwa amri ulingoja amri ya kushuka. Kapteni hakuitoa, alikuwa bado anafurahia mandhari.

Sitelbanat akasimama. "Na nani anakubali nisihamishwe kwenye kiwanja changu?"

Hakuna mkono ulioshuka.

"Limepita, mama," alisema Mzee Fadul, sajenti mstaafu, kwa sauti ya kutoa ripoti.

Kapteni aliuliza kumesemwa nini. Gerishon akamweleza yote, pamoja na habari kwamba Bwana Kapteni naye ameunga mkono.

Kapteni akashusha mkono. Akafafanua kwamba jambo hili si la namna hiyo, na kwamba mambo ya kura huhitaji watu wafunzwe kwanza, muda mrefu.

"Mume wangu mlimfunza bunduki kwa miezi mitatu," alisema Sitelbanat. "Kuinua mkono ni kugumu zaidi?"

Hilo Gerishon alilitafsiri neno kwa neno, tena polepole.

Jeshi lilikuwa likitafuta vijana wa Makina, na haikufaa mama zao wanung'unike. Baada ya siku kumi barua ikaja: kwa huruma ya serikali, mjane aruhusiwe kukaa mpaka vita vya kutetea uhuru viishe. Siku vikiisha, ahame.

Tangu hapo, kila Ijumaa Mzee Fadul akitoka msikitini alipita kumpa habari.

"Mjerumani ameanza kurudi nyuma, mama. Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi," alijibu Sitelbanat, akamsogezea kigoda. "Anarudi kwa haraka sana?"