Flash Iliyobarikiwa Pamoja na Mbegu

Kaswera hapendi mtu achomoe flash bila kumwuliza. Ukiingia kwenye kibanda chake hapa Masisi, unaweza kumkanyaga mguu, unaweza kumwambia chai yake inanuka moshi, atakusamehe. Lakini gusa flash ambayo taa yake bado inawaka, utajua kwamba watu wa Butembo nao wana sauti. Mimi ni mwalimu, na nimewahi kufokewa pale mbele ya wanafunzi wangu wawili. Siku hiyo nilikosa pa kuuficha uso.

Alikuja huku kutoka Butembo miaka tisa iliyopita na kaka yake, muuza mabati na misumari. Kaka akarudi kwao, dada akabaki na kompyuta moja, mashine ya kuchapisha na paneli ya jua. Kompyuta hiyo haina Windows. Mwaka wa kwanza virusi vya flash za wateja viliiangusha mara tatu, akachoka, akamwomba mwanafunzi mmoja wa Goma amwekee Linux. Mwanafunzi alikaa siku mbili akaondoka. Yaliyobaki Kaswera alijifunza mwenyewe. Ana daftari la kurasa mia, amri moja kila ukurasa, na chini yake maelezo kwa wino mwekundu: hii inasaidia, hii ni hatari, hii usiiguse ukiwa na njaa.

Jumanne iliyopita nilikuwa pale na maswali ya mtihani ya kuchapisha, nina haraka zangu za kila siku. Akaingia Mama Mukagasana, mkulima wa Muheto, ameletwa na pikipiki ya Valentin. Valentin naye akaingia kuchaji simu. Mama akafungua fundo la kitenge chake, akatoa flash ndogo nyeusi.

"Mutoto wangu," alimwambia Kaswera, "wimbo ya Mbonigaba iko humu. Umwali anaolewa samedi. Kwaya inataka kuisikia, bajifunze. Lakini flash inakataa."

Mbonigaba alikuwa mumewe, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Alifariki miaka miwili iliyopita. Akiwa mgonjwa alimtungia binti yao Umwali, huyu wa kuolewa Jumamosi, wimbo wa harusi, akauimba kwenye simu, kisha akatafuta mtu wa kumwekea kwenye flash. Simu ilikufa baada yake. Wimbo ukabaki humo tu, wala hakuna aliyewahi kuusikia, hata Mama mwenyewe.

"Nilikuwa nangojea siku yake," alisema. Nikaona haya kushika karatasi zangu.

Kaswera akaichomeka. Kimya. Akahamia tundu la pili. Kimya. Akafungua daftari, akaandika *lsblk*, ile amri inayotaja kila diski ambayo kompyuta inaiona. Ikataja diski yake yenyewe, basi.

"Mama Umwali, hii flash ilianguka mu maji?"

"Hapana."

"Mvua?"

"Hapana, mutoto wangu. Naichunga sana."

Kaswera akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Vile vibati vya shaba mdomoni vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Akamwonyesha Mama. Mama akarekebisha kitenge chake.

"Ni ile ya kubariki mbegu tu," alisema. Kabla ya kupanda, watu wa Muheto hupeleka mbegu kanisani. Mama alipeleka maharagwe na viazi, na flash akailaza juu ya maharagwe, kwa sababu, alisema, nayo ilikuwa na kitu kinachongoja kuota. Padri alipita na maji ya baraka yaliyotiwa chumvi, na mkono wake si mchoyo.

"Mama, sasa ile haikuwa maji?"

"Ile haiko maji. Iko baraka!"

Valentin alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilijifanya nakohoa. Kaswera, ambaye hakosi misa, alijiuma midomo, kisha akasema kwa adabu kwamba baraka imeingia vizuri, ila chumvi imeingia nayo. Akachukua kifutio cha penseli, akasugua vile vibati polepole, akapitisha pamba yenye alkoholi ya dawa, akaianika juani dirishani. Nikauliza kama wakati huo angeweza kuchapisha mtihani wangu.

"Mwalimu, haraka haraka haina baraka," alinijibu, "na hapa baraka ndiyo tunakausha."

Jua likafanya kazi yake. Akaichomeka tena, akaandika *lsblk*, na safari hii flash ikatajwa. Mama akapiga makofi. Alipiga mapema mno, kwa maana kompyuta ilikataa kuifungua: ilisema haielewi mpangilio wa mafaili yaliyomo. Hapo ndipo Mama alipokiri kwamba jana wanakwaya waliichomeka kwenye kipaza sauti chao na kuichomoa labda mara kumi, taa ikiwaka na kuzimika. Nilimwona Kaswera akivuta pumzi ndefu na kuimeza.

"Formatez tu, dada," Valentin akashauri. "Kule kwa rafiki yangu bakimaliza ku-formater, njo inapona."

"Inapona na inakuwa tupu! We ukiumwa kichwa, tukate kichwa?"

Valentin akarudi kwenye simu yake. Mama alikuwa ameacha kushangilia. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nilimwonea huruma sana.

Kaswera hakuitibu flash yenyewe. Kwanza alinakili kila kilichomo, kizuri na kibovu, hadi kwenye kompyuta, maana daftari lake linasema kwa wino mwekundu: tibu nakala, si mgonjwa. Kazi hiyo ilichukua muda wa kumaliza chai mbili. Kisha akaendesha *fsck*, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, juu ya nakala. Ikagundua kwamba ukurasa wa kwanza, unaoonyesha kila kitu kiko wapi, umeharibika, lakini flash huwa na nakala ya akiba ya ukurasa huo, na hiyo ilikuwa nzima. Ikauliza kama irudishe. Kaswera akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza ndiyo.

Faili moja tu likatokea. Limeandikwa *Umwali*.

Akabonyeza. Kwanza ikasikika kelele ya jikoni, sufuria zikigongana, kuku, maji yakimwagwa. Halafu kikohozi. Kisha sauti ya mwanamume, dhaifu kidogo lakini yenye utani:

"Mama Umwali! Acha kwanza ile sufuria, nataka kuimba."

Ndani ya flash sufuria ziliendelea kugongana. Mama hakumsikia, siku ile.

Ndani ya kibanda, Mama Mukagasana alisimama wima, machozi yakimtiririka huku anatabasamu, akaweka mikono yake chini kabisa, mbali na meza, mbali na kila kitu.

"Naacha, baba," alisema. "Imba."